Nani Atamkataa Sista

Sista alikuwa akimpima mtoto uzito katika zahanati ya shirika lao wakati Mama Mkuu alipotokea mlangoni na kusimama. Mama Mkuu hakuwa mtu wa kusimama milangoni. Kwa kawaida aliingia moja kwa moja na kuanza kutoa amri akiwa bado anatembea. Sista akamtoa mtoto kwenye mizani, akamrudishia mama yake, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Ni nani?" akauliza.

"Baba yako."

"Haiwezekani. Nimezungumza naye jana."

Maneno hayo alikuja kuyarudia kwa kila mtu siku ile. Alimwambia dereva aliyempeleka mjini, akamwambia shangazi yake aliyempokea getini kwa kilio, akamwambia hata jirani ambaye hakuikumbuka sura yake. Nimezungumza naye jana, alikuwa mzima. Kana kwamba akiyasema vya kutosha, mzee angeona aibu ya kufa na kurudi.

Baba yake alikuwa seremala, mjane, mwenye sauti ya mikwaruzo na mguu mmoja mzito, na alikuwa na mazoea ya kumalizia maneno yake kwa "unanipata?" hata kama anaomba chumvi tu. Nyumba ile ya ghorofa aliijenga mwenyewe, kidogo kidogo, na ngazi ya mbao iliyopanda hadi juu ndiyo iliyokuwa fahari yake. Chini, palipokuwa karakana yake zamani, alimpangisha fundi wa kuchomelea vyuma na mkewe. Juu aliishi yeye na mwanawe wa mwisho.

Huyo wa mwisho, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda mpaka jina lake la shule likasahaulika, ndiye Sista aliyemlea. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anatambaa. Sista, binti wa shule wakati ule, alimbeba mgongoni akifua, akipika, akisoma. Kitinda akilia na baba amechoka, dada mtu alimfunika mdomo kwa kiganja, taratibu, akamwimbia sikioni mpaka anyamaze. Wito wa utawa ulimjia mapema, lakini aliusubirisha hadi mdogo wake ajue kujipikia. Masista wenzake walimtania kwamba yeye peke yake ndiye aliyeingia utawani akiwa tayari na kijana mkubwa.

Na Kitinda alikuwa kijana wa kupendeka. Kuiga watu alizaliwa nako. Alimwiga mwalimu mkuu, alimwiga padre anavyopiga chafya katikati ya mahubiri, alimwiga shangazi akigombana na kuku. Alipokua, mchezo huo ukawa kazi: akawa emsii wa harusi, anayegombewa kila mwisho wa wiki, na watu walitoka ukumbini wakishika mbavu.

Shangazi ndiye aliyemkuta mzee Jumatatu asubuhi, chini ya ngazi yake mwenyewe, nyuma ya mlango wa kupandia juu uliokuwa umerudishiwa, kisogo kimepasuka. Wote walidhani ameteleza. Lakini daktari wa mochwari aliona alama za vidole kwenye mkono wa marehemu, juu kidogo ya kiwiko. Kuna mtu alimkamata kwa nguvu. Ndipo polisi wakaleta mpelelezi.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye raba miguuni na mafua yasiyoisha. Leso haikutoka mkononi mwake. Kila mtu alimwita Afande tu, na Sista naye akafuata.

"Mimi kanisani naonekana kwenye harusi na mazishi, Sista," alisema walipokaa ofisini kwake, chumba chembamba chenye dirisha linalotazamana na ukuta. "Kwa hiyo kwenye sala usinitegemee. Kuuliza maswali ndiyo kazi ninayoiweza. Wewe ndiye mtu wa mwisho kuzungumza na mzee?"

"Inaonekana hivyo. Kila Jumapili nampigia tukishamaliza chakula cha mchana."

"Alikwambia nini?"

Sista alifumba macho ili asikosee. Alikuwa mtu wa kweli, na kwa siku ile ukweli ndicho kitu pekee alichoweza kumpa baba yake. Akaeleza: baba alipokea, wakajuliana hali. Akasema yuko peke yake, mdogo wako ametoka tangu asubuhi, ana shughuli ya harusi upande wa pili wa mji, unanipata? Akasema amekorofishana tena na fundi wa chini, kelele za vyuma zimemchosha. Kisha wakaagana.

Afande aliandika yote. Akapiga chafya, akamsomea alichoandika, Sista akatia sahihi. Jioni hiyo hiyo polisi walimchukua fundi. Ndiye aliyekuwa nyumbani alasiri ile, mkewe ametoka, hakuwa na shahidi, na marehemu mwenyewe alikuwa amemlalamikia kwa binti yake. Kitinda naye alikuwa na ukumbi mzima wa mashahidi, waliomwona akipanga spika zake mapema alasiri na kushika kipaza sauti mpaka giza, kisha akalala huko huko.

"Umefanya vizuri, dada," Kitinda alimwambia, akimkumbatia getini. Alikuwa amekonda kwa siku moja. "Angalau baba atapata haki yake."

Siku ya mazishi, waombolezaji walipokuwa wamekaa uani kwenye viti vya plastiki, hawana la kusema, mmoja wa wajomba alimwomba Kitinda awachangamshe kidogo. Akasimama kwa shingo upande. Akamwiga shangazi akimfokea mwenye viti kwa kuleta vitatu vilivyovunjika, na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hata shangazi mwenyewe alijifunika uso kwa khanga akitikisika mabega.

"Sasa tufanyie mzee," mjomba akasema. "Tumsikie kwa mara ya mwisho."

Uso wa Kitinda ukasawijika. Akaondoka uani. Sista alimfuata akamkuta nyuma ya nyumba, ameegemea tangi la maji, ameziba masikio kwa viganja.

"Usiniambie niifanye sauti ile, dada. Chochote kingine, lakini si ile."

"Nani atakulazimisha? Njoo hapa."

Akamshika kichwa, akakilaza begani mwake. Akafikiri: jinsi gani mtoto huyu alimpenda baba yake.

Kesho yake alikuja mke wa fundi. Alikuwa mjamzito, amesimama nje ya geti kama mtu asiyejua kama bado anaruhusiwa kuingia mahali anapoishi. Ndugu waliokuwa uani walimtazama kwa jicho la pembeni. Sista akatoka kwenda kumsikiliza.

"Sijaja kugombana, Sista," yule mwanamke alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Nani amesema mume wangu amekorofishana na mzee?"

"Baba mwenyewe aliniambia."

"Kuhusu nini?"

"Kelele."

Mwanamke akatikisa kichwa. "Wiki ile nzima walikuwa wanatengeneza kitanda cha mtoto wetu. Mume wangu anakunja vyuma, mzee anachonga mbao. Jumamosi wamekula sahani moja, mimi ndiye niliyewapakulia. Mzee alikuwa akisema kelele za nyundo zinamfanya ajisikie kijana." Akajishika kiuno. "Basi kati yangu na wewe, Sista, kuna mmoja asiyemjua yule mzee."

Sista alirudi ndani lakini maneno yale yaliingia naye. Alijaribu kusali rozari akajikuta ameshika punje moja muda wote. Alikwenda karakana. Kitanda kilikuwepo pale, kimefunikwa kwa gunia, kimebaki kupakwa vanishi tu, na ukingoni mwake aliona mkono wa baba yake: pembe zilizoviringwa ili mtoto asijiumize. Vyuma vya chini vilikuwa vya mtu mwingine. Vilikaa vizuri pamoja.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Afande kabla ofisi haijafagiliwa.

"Nataka kuelewa," alisema. "Kuna kitu hakijakaa sawa, na kimetoka mdomoni mwangu."

Afande alimwangalia kwa namna ambayo Sista hakuielewa wakati ule, kama mtu aliyekuwa akisubiri gari na sasa analiona linakata kona. Akachukua mfuko wa kaki kutoka kabatini, akaufunga vizuri, akasema, "Twende nyumbani kwenu."

Kitinda hakuwepo. Walipanda ngazi, Afande mbele, raba zake zikilia kwenye mbao. Juu kulikuwa na sebule ndogo, vyumba viwili na jiko. Sanduku la vifaa vya Kitinda lilikuwa kando ya ukuta, kifuniko chake kimepasuka pembeni. Afande akaingia jikoni, akaonyesha meko kwa kidole.

"Shangazi yako anasema Jumamosi humpikia mzee chakula cha Jumapili na kumwachia kwenye sufuria."

"Ndiyo. Baba hapendi kupika siku ya misa."

"Jumatatu tulikikuta hakijaguswa. Hata mwiko haujaingia."

"Labda hakuwa na njaa," Sista akasema, lakini akajisikia akisema kitu ambacho asingekikubali kwa mgonjwa wake. Baba yake alitoka misa akiwa na njaa maisha yake yote.

Wakarudi sebuleni, Afande akaweka ule mfuko mezani. "Nisaidie kitu kimoja. Hizi ndizo nguo alizokuwa nazo. Niambie kama ni zake."

Sista akazitoa moja moja. Suruali ya kijivu. Shati jeupe, kola ina doa la kahawia. Koti la misa. Chini kabisa, tai. Waliomvua mochwari walikuwa wameikata kwa mkasi upande wa nyuma, kwa hiyo fundo lilikuwa bado limefungwa vilevile, limekazwa.

Alilishika lile fundo kwa vidole viwili na hakuweza kuliachia.

"Alikuwa ameivaa?"

"Ikiwa imebana shingoni."

Tai ile mama yao ndiye aliyeinunua, na baba aliivaa kila Jumapili kwa ajili yake, na aliichukia. Alisema inamnyonga. Misa ikiisha alianza kuifungua akiwa bado kwenye ngazi za kanisa. Akifika getini ilikuwa inaning'inia mfukoni, na wao wakiwa watoto walicheka wakisema baba anarudi na ulimi wa pili. Hata siku ya kumzika mkewe hakufika nayo nyumbani shingoni.

Sista akaeleza hayo polepole, akiwa bado amesimama. "Kuna jambo lilimkasirisha sana hata akaisahau," akasema. "Na alikufa kabla ya kuikumbuka. Hakukaa humu ndani muda. Hakula. Hakuvua koti." Akaitazama tena tai. "Lakini mimi nilimpigia baada ya chakula cha mchana."

"Ndiyo."

"Na alipokea."

"Simu yake ilipokelewa," Afande alisema kwa upole. "Kaa, Sista. Niambie tena mazungumzo yale. Safari hii usinipe habari. Nipe maneno yenyewe, tangu 'haloo' hadi mwisho, hata salamu."

Akakaa. Akayatoa neno kwa neno, kwa sauti ya mikwaruzo ya baba bila kukusudia. Niko peke yangu. Mdogo wako ametoka. Unanipata? Akafika mwisho. "Akasema, 'Haya dada, uniombee.' Nikamwambia nakuombea kila siku. Akakata."

Akalirudia neno lile: "Dada."

Baba yake hakuwahi kumwita dada. Sista alirithi jina la bibi yake, mama wa mzee, na tangu siku aliyozaliwa mzee alimwita "mama". Hakumwita kwa jina, wala kwa cheo chake cha utawa, hata siku ya nadhiri zake ambapo alisimama mbele ya askofu akasema, "Huyu ni mama yangu, mtunzeni." Jumapili ile alilisikia lile "dada" akalipuuza, alidhani mzee anamtania, au uzee unaingia. Kwenye maelezo hakulitaja kwa sababu nani anaandikisha polisi namna alivyoagwa?

Mtu mmoja tu duniani alimwita dada kwa sauti ya namna ile, akiburuta mwishoni.

Alikwenda jikoni, akafungulia maji, akanawa uso, akarudi maji yakiwa bado yanamchuruzika. Afande alikuwa ameketi na leso yake. Hakuonekana kushangaa hata chembe. Sista akaliona hilo.

"Ulijua," akasema.

"Nilihisi."

"Tangu lini?"

"Daktari aliniambia siku ya kwanza kwamba tumbo lilikuwa tupu. Nikapeleleza ukumbini, nikaambiwa emsii wao anamwiga baba yake mpaka unageuka kumtafuta mzee. Nikampelekea mkuu wangu. Akacheka. Akaniuliza, wewe unataka kwenda mahakamani kusema mtawa amedanganya, au hajui sauti ya baba yake?" Afande akakunja leso. "Mimi nisingeweza kulivunja neno lako, Sista. Ulipaswa kulivunja mwenyewe. Na ningekwambia ungenifukuza. Ungemtetea."

"Kwa hiyo ukanisubiri. Na yule fundi akalala rumande, mkewe akilala peke yake na tumbo lile, mpaka mimi nifike mwenyewe unakotaka."

"Ndiyo."

"Unajua hilo linaitwaje?"

"Najua," Afande akasema. "Niite utakavyo. Nimeshajiita mwenyewe."

Sista alitaka kumchukia, na kwa muda alifaulu. Lakini chuki ile ilikuwa ndogo, na chini yake kulikuwa na kitu kikubwa kilichokuwa kinaanza kuamka, na hakutaka kubaki nacho peke yake ndani ya nyumba ile.

"Naomba nimwone mimi kwanza," akasema. "Sitamwambia akimbie. Una neno langu." Akacheka kicheko kikavu. "Kwa vile neno langu ndilo lililotufikisha hapa."

Kitinda alikuwa kwenye ukumbi ule ule, anaandaa harusi nyingine. Mchana wa jua kali, milango yote iko wazi, wapambaji wakining'iniza vitambaa vyeupe na vya zambarau. Yeye alikuwa jukwaani akijaribu kipaza sauti: moja mbili, moja mbili. Alipomwona dada yake alitabasamu, kisha akakizima. Afande alibaki nje, ameegemea nguzo ya veranda.

Walikwenda chumba cha nyuma panapowekwa viti. Sista akafunga mlango.

"Nani alizungumza nami Jumapili?" akauliza.

"Nini, dada?"

"Hilo hilo. Ndilo ulilokosea. Baba haniiti dada."

Aliona linavyomwingia. Kitinda hakubisha. Alikaa juu ya viti vilivyopandanishwa kama mtu aliyekatwa miguu, na baada ya hapo maneno yakamtoka bila kusukumwa. Jumamosi kwenye harusi alimwiga baba: ule mguu, ule mkwaruzo, ile unanipata. Alikuwa amemwiga miezi mingi. Ndicho kipande watu walichokipenda kuliko vyote. Lakini safari hii kulikuwa na watu wa parokia yao. Jumapili baada ya misa wanaume walimzunguka mzee nje ya kanisa, wakimsalimia kwa "unanipata, mzee, unanipata?" na kuangua vicheko, mpaka mmoja akamweleza.

"Alinikuta nimelala. Hakupiga kelele, dada. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema, 'Umenivua nguo mbele za watu.' Akachukua sanduku langu la vifaa akalibeba kwenda kulitupa chini. Nikamfuata pale juu ya ngazi. Nikamshika mkono. Akajing'oa, nikamvuta, nikamsukuma, sijui. Yote."

"Halafu?"

"Akaanguka."

"Halafu, Kitinda?"

Alikuwa akiangalia sakafu. "Nilikaa pale kwenye ngazi. Sikujua nifanye nini. Halafu simu yake ikalia juu ya meza, nikaona ni wewe."

Sista aliuliza swali ambalo njia nzima alijiambia hataliuliza. "Nilipopiga, alikuwa amekwisha kufa?"

Kitinda akageuza uso ukutani.

"Nimekuuliza."

"Alikuwa anakoroma."

Sista alikuwa muuguzi. Alikujua kukoroma kule ni kwa namna gani, na alijua kinachoweza kufanyika mtu angali anakoroma. Alijua pia ni nani wa kupigiwa simu katika mji ule, hospitali ipi, daktari yupi.

"Nilikuwa sikioni mwako," akasema. "Mimi. Ungeniambia tu, 'Dada, baba ameanguka.' Ningekuwa nimepata gari kabla hujakata simu. Badala yake ukaniigizia baba. Ukaniomba nikuombee, na yeye yuko chini ananisikia."

"Niliogopa."

"Kwa nini ulipokea? Ungeiacha ilie."

"Ungempigia shangazi aende kuangalia. Halafu nikafikiri..." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akifanya mdogo. "Nikafikiri ukisema wewe ulizungumza naye, itakuwa imekwisha. Nani atamkataa Sista?"

Ndipo lilipomfikia lote, si kwa kishindo, bali kama maji yanavyopanda chumbani. Hakuipokea simu ile kwa sababu alimhitaji dada. Alihitaji vazi lake. Miaka yote ile ya kuamka alfajiri, ya kuchunga ulimi, ya kuwa mtu ambaye neno lake watu hulichukua bila kulikagua, mdogo wake alikuwa ameiona kama mtu anavyoona mlango uliosahaulika wazi.

"Na fundi?"

"Jina lake lilinijia tu mdomoni. Watamwachia, dada, hawana kitu. Wewe sema tu vile vile ulivyosema. Usiongeze, usipunguze. Mimi sitaweza jela, unanijua. Wewe ndiye mama niliyekuwa naye." Sista alimpa mgongo. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Kitinda akaona anaondoka, na katika hofu yake akafanya jambo ambalo mpaka leo Sista hajawahi kumweleza padre wala Mama Mkuu.

"Mama," akaita.

Ilikuwa sauti ya baba. Mikwaruzo, pumzi nzito, yote. Safari hii hakukosea.

"Mama, mwache mdogo wako. Unanipata?"

Sista alivuka chumba akamfunika mdomo kwa kiganja. Hakumfunika taratibu. Alimkandamiza mpaka kichwa cha Kitinda kikagonga ukuta na machozi yake yakamlowesha vidole, na alisimama hivyo, uso kwa uso na macho ya mtoto aliyemlea, mpaka akaogopa mkono wake mwenyewe. Akauondoa. Akafungua mlango, akapita katikati ya vitambaa vyeupe na vya zambarau, akatoka nje juani.

"Ingia," alimwambia Afande. "Ameniambia. Nitaandikisha upya maelezo yangu, na safari hii nitayasoma mwenyewe kabla ya sahihi."

Fundi aliachiwa. Sista alimsubiri nje ya kituo ili amwombe radhi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, mkewe kando yake amebeba viatu vyake kwenye mfuko. "Sina neno na wewe, Sista," fundi alisema. "Ila leo usinipe mkono." Wakahama mwezi ule ule, wakakichukua kitanda bila kukipaka vanishi.

Shangazi aliacha kuzungumza na Sista. "Umemlea mwenyewe, na umemzika mwenyewe," alimwambia mbele ya wajomba wote, na hakuna aliyemkanya. Wengine walisema kwa upole, jambo lililouma zaidi, kwamba baba asingefufuka, kwa hiyo kulikuwa na haja gani? Alitambua kwamba kama angewauliza mapema, wote wangemshauri anyamaze, na wangemfanyia hisani ya kutolitaja tena.

Mahakamani wakili wa Kitinda alimuuliza, "Sista, mara ya kwanza ulisema ukweli, au mara ya pili?"

"Mara zote mbili," akajibu. "Mara ya kwanza nilikuwa nimedanganywa."

"Na unampenda ndugu yako?"

Hakimu akamwambia si lazima ajibu. Akajibu hata hivyo. "Ningekuwa simpendi ningekuwa nalala."

Kitinda alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Afande alimsubiri Sista kwenye ngazi za mahakama, akamwambia gari lipo. Sista akamshukuru, akasema atatembea. Afande hakumshurutisha. Alikuwa na mafua yake yale yale.

Miezi ikapita. Kitinda aliagiza kwa wakili kwamba angependa kumwona. Mara ya kwanza Sista alifika hadi benchi la wageni gerezani, akaitwa. Akainuka na kurudi zahanati bila kuonana naye. Mara ya pili aliingia.

Walikaa pande mbili za meza ya bati. Kitinda alikuwa amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa. Alizungumza kwa sauti ndogo, isiyofanana na ya mtu yeyote, na Sista akashangaa kwamba huenda hii ndiyo iliyokuwa yake siku zote. Akauliza habari za shangazi. Sista akamwambia goti linamsumbua. Akauliza kama nyumba imepata mpangaji. Bado. Akauliza, hatimaye, huku akikwaruza meza kwa ukucha, kama dada yake amemsamehe.

Sista aliyajua maneno yanayotakiwa. Alikuwa ameyafundisha kwa watoto, ameyasema kando ya vitanda vya wanaokufa. Aliyatafuta ndani yake akayakosa, na hakutaka kuyaazima kwingine.

"Bado," akasema.

Kitinda akaitikia kwa kichwa. Askari akatangaza muda umekwisha. Sista akamwachia sabuni na taulo alivyomletea, akasubiri avibane kwapani, kisha akatoka getini, akasimama kivulini kidogo kabla ya kuanza safari ya kurudi.